Jina Lisilotamkwa

"Kiti kipo, mama. Hapa si shambani," alisema karani Ikapel.

Among hakukikalia. Alipiga magoti sakafuni, akajitanda khanga hadi kwenye paji la uso, akiwa amemkumbatia mwanawe mgonjwa kifuani. Waliopanga foleni nyuma yake wakacheka.

Alikuja katika ofisi hiyo ya Malaba kutafuta cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, bima isingegharimia upasuaji wa moyo wa mtoto.

"Jina la mtoto?"

"Alaso."

"Alaso nani?"

"Alaso tu. Bibi yangu alichovya kidole katika kinywaji cha wimbi, akamtilia mdomoni huku akitaja majina. Alipofika kwa Alaso, mtoto akakinyonya. Likawa lake."

"Kompyuta haikubali jina moja. Baba yake?"

"Geoffrey. Alibatizwa hivyo ukubwani, baada ya kufukuzwa kwao."

"Hilo ni la kanisa. Mimi nataka la ukoo. Babake Geoffrey ni nani?"

Among aliivuta khanga hadi machoni. Mashavu yalimwaka kwa aibu.

"Hujui mumeo ni mtoto wa nani?"

"Najua."

"Basi sema!"

"Siwezi, mzee."

"Labda ni dereva wa trela!" mtu mmoja akaropoka. "Alivuka daraja la mpakani kabla hajaulizwa jina!"

Foleni ikaangua kicheko. Ikapel naye akacheka, kisha akagonga meza. "Mwanamke mzima unaniletea mtoto asiye na kwao! Huna haya?"

Machozi yalimdondoka Among, yakaanguka juu ya kichwa cha mtoto. Hata hivyo hakuinua macho.

Nerima, karani wa meza ya pili, alishindwa kuvumilia. "Mzee Ikapel, mwache. Si kwenu Wateso, kama kwetu, mke hatamki jina la babake mume?"

"Mila ibaki nyumbani! Akilitamka, nitaandika. Asipolitamka, atoke ofisini mwangu."

Nerima aliinuka, akachutama kando ya Among. "Dada, usilitamke. Nielekeze tu anakoishi huyo mzee. Nitatuma mtu wa bodaboda akamwulize mwenyewe."

"Hakuna haja ya boda, dada," Among alinong'ona, macho yake yangali sakafuni. "Mwulize huyo anayenifukuza."