Kifimbo cha Posa

Nasur alisukuma kifimbo cha mchezo juu, nyoka kwenye televisheni akashuka chini. Akakivuta chini, nyoka akapanda. Akakipeleka kushoto, nyoka akakimbilia kulia, akajipigiza ukutani na kufa bila kuonja hata embe moja.

"Loo!" Nasur akashika kichwa.

Tuambizane ukweli: huyu Nasur alikuwa kinyozi wa Kisugu. Mashine ya kunyolea aliijua, nyaya hakuzijua kabisa. Lakini penzi likimwingia mtu, ulimi haushikiki. Mzee Kamis, baba yake Zuleika, alipolalamika kwamba sanduku lao la kuchezea mchezo wa nyoka limeharibika, Nasur aliropoka, "Mzee, mimi nitakuundia jipya!" Zuleika akamtolea macho. Maji yakimwagika hayazoleki. Kijana akanunua mbao, vitufe na kifimbo, akaanza kuunda sebuleni kwa kina Zuleika, Old Kampala, akifuata video za wanaoanza kwenye simu yake.

Video zilisema kazi ni rahisi. Kila kitufe kina meno mawili. Jino moja linapokea waya mweusi, unaopita kwa wote kama uzi katika shanga. Jino la pili linapata waya wake wenye rangi, unaokwenda kwenye kibao kidogo kinachoongea na kompyuta. Hapo Nasur hakukosea. Alikosea kwenye kifimbo. Chini yake kuna swichi nne, na yeye aliifunga ya mbele iwe ya juu, ya nyuma iwe ya chini, na za pembeni vivyo hivyo. Alisahau kwamba kifimbo kikisukumwa mbele, mkia wake chini ya ubao unarudi nyuma.

Akachukua bisibisi afungue arekebishe. Kisha akaiweka. Shetani naye hakosi pa kukaa.

Maana Mzee Kamis alikuwa ametoa sharti: "Anayemtaka binti yangu amshinde kwanza bingwa wa nyumba hii. Zamu moja moja, atakayekula maembe mengi ndiye. Akishindwa, nawakubalia wazee wa yule mwenye maduka kule Arua." Na Mzee Kamis mwenyewe alikuwa akijisifia mchezo wa nyoka mpaka mtaa mzima umechoka. Zuleika alikuwa amelia kutwa kwa ajili ya huyo mtu wa Arua, mwenye wake wawili tayari.

"Sanduku ni moja, kifimbo ni kimoja," Nasur alijisemea. "Nikiuzoesha mkono wangu ukichaa huu, mzee atalalamikia nini?"

Basi kila alasiri, mzee akiwa kazini, Nasur alikuja eti kuangalia kama gundi imekauka, akafanya mazoezi ya kinyumenyume. Mtu mwingine hakuruhusiwa kugusa. Pale sebuleni alikuwepo Bibi tu, mama yake Mzee Kamis, amekaa mkekani anasuka kawa la kufunikia chakula, kope zimeshuka nusu. Nasur alimpenda kikongwe huyo kwa dhati. Alimmiminia chai kabla ya kujimiminia mwenyewe, akamsomea ujumbe wa wajukuu kwenye simu, akacheka vichekesho vyake hata vile vya kurudiarudia.

"Hicho kifimbo," Bibi aliuliza siku moja, "ukikiachia kinarudi chenyewe katikati?"

"Kinarudi, Bibi."

"Afadhali. Kile cha zamani kilikuwa kinachelewa."

Nasur akatabasamu. Wazee na maswali yao!

Siku nyingine Bibi aliligeuza kawa mapajani. "Umeona, mjukuu wangu? Ukiligeuza hivi, ua la chini linakuwa la juu."

"Kweli, Bibi," Nasur akajibu bila kuangalia, kwa sababu nyoka wake alikuwa anakaribia embe la ishirini.

Jumapili ikafika. Pilau ilinukia hadi barabarani. Mzee Kamis alikaa kwenye kochi na kanzu yake nyeupe, na Nasur akamsogezea sanduku.

"Karibu, Mzee. Anza wewe."

"Mimi?" Mzee akaangua kicheko. "Wallahi, mimi nacheza kwa mdomo tu! Bingwa wa nyumba hii ni mama yangu. Tangu tupate kompyuta hajashindwa na mtu."

Bibi akaweka kawa chini, akajisogeza taratibu hadi mbele ya televisheni. Akalitazama sanduku. Akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza, nyuma ikawa mbele, waya wa kompyuta ukamlalia mapajani.

Nasur akainuka nusu, akaketi tena.

"Mgeni aanze," Bibi akasema.

Mgeni akaanza. Sanduku sasa lilikuwa na adabu zake zote: juu ni juu, chini ni chini. Kilichoharibika kilikuwa mkono wa Nasur. Nyoka wake akameza embe moja lililokuwa njiani, akakata kona asiyoitaka, akajigonga ukutani. Mzee Kamis alicheka mpaka machozi yakamtoka. Zuleika alijifunika uso kwa mtandio, wala hakuwa anacheka.

"Zamu yako, Bibi," Nasur akasema.

Bibi akaligeuza sanduku tena, akalirudisha vile vile lilivyokuwa. Akasukuma kifimbo mara moja tu. Nyoka akaenda moja kwa moja ukutani, hana hata embe moja tumboni.

"Mama!" Mzee Kamis akaruka kutoka kwenye kochi. "Mama, umefanya nini?"

"Nimeshindwa," Bibi akasema, akiliokota kawa lake. "Zuleika, mletee mumeo chai. Na bisibisi."