Paneli Kwenye Mihogo

Upepo wa alfajiri uliing'oa paneli ya sola kwenye paa la Bi Mashavu na kuitupa katikati ya mihogo. Kijumba chake cha udongo, ukingoni mwa mji, hakikuwa na waya wa umeme wala bomba. Maji aliyakinga mvua iliponyesha, na taa yake moja iliitegemea paneli hiyo.

Jua lilipopanda, binti yake Salha alifika, akaukuta ufa kwenye kioo cha paneli.

"Mama, hii imekufa. Funga mizigo twende kwangu. Chumba chako kipo."

"Hatujaijaribu, mwanangu. Nishikie ngazi."

"Una miaka sitini na minane!"

"Ndiyo maana nakwambia unishikie."

Salha hakusogea. Bi Mashavu alijifunga kanga kiunoni, akaufuta udongo kwenye kioo, akaibeba paneli mgongoni kwa kamba ya katani. Miaka thelathini alikuwa ameishi katika nyumba za watu, akiomba ruhusa hata ya kuwasha taa. Hapa hakumwomba mtu.

Akaiegemeza ngazi ukutani, akapanda. Kwenye kidato cha tatu ngazi iliyumba, lakini hakushuka. Akainua mguu tena.

Mara ngazi ikatulia. Bi Mashavu hakutazama chini. Alisikia tu pumzi za binti yake, kisha sauti ndogo:

"Polepole, mama."

Akanyoosha mkono kulitafuta bati, ambalo jua lilikuwa limekwisha kulipasha moto.