Sahihi ya Bi Siwatu

Bahasha ya kura ya posta ilirudishwa siku ya mwisho ya kupokea kura. Rukia aliifungua kando ya kitanda cha mama yake, akasoma maneno ya wino mwekundu: sahihi haifanani na ile ya daftari la wapigakura, itiwe upya leo.

“Itafananaje?” Bi Siwatu alisema, kwa ulimi mzito tangu apooze. “Nilitia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia si unauona?”

Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka. Nje, maji ya mtaro ulioziba yalikuwa yamefika kizingitini, na diwani aliyeuacha uzibe alikuwa akigombea tena.

“Mama, siku ya kujiandikisha karani alikuambia utie dole gumba. Dole lisingebadilika.”

“Dole gumba ni la asiyejua kuandika. Mimi nimesoma ngumbaru nikiwa na wajukuu.”

“Basi nikutilie mimi. Sahihi yako naijua.”

“Hiyo itakuwa kura yako.”

Rukia akaiweka karatasi na kalamu kitandani. Bi Siwatu akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama anayembeba mtoto aliyelala, akaulaza juu ya karatasi. Akachomeka kalamu kati ya vidole, akavikunja kimoja kimoja mpaka vikaishika. Kisha akauachia, akawa anautazama, akiusubiri uandike.