Mafungu ya Tasi

"Gawa kama mamako anavyogawa sokoni," Twaiba alimwambia mvulana aliyeketi naye. "Samaki ishirini na wanne, mafungu sita. Kila fungu lina wangapi?"

Mwalimu alisimama mlangoni. Muhula mzima alikuwa akimfundisha yule mvulana, mwana wa muuza samaki wa Munje, kugawanya. Alimbembeleza, akamkemea, akamchorea machungwa ubaoni. Mvulana alikuwa akiinamia daftari tupu tu.

Leo alikuwa anacheka, bega lake likigusa bega la Twaiba, akipanga kokoto juu ya dawati kana kwamba ni samaki tasi wabichi.

"Wanne! Na mmoja mdogo wa nyongeza, kama mama anavyowapa wateja."

"Huyo wa nyongeza mpelekee mwalimu, huenda akapunguza ukali."

Wivu ulimwingia mwalimu. Miaka yote hii ya kushika chaki, leo apikuliwe na kitoto cha darasa la nne!

Aliingia. Watoto wakasimama. "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Haya, ishirini na nne gawanya kwa sita."

Mvulana alimtazama Twaiba kwanza, si yeye, ndipo akaandika nne kwenye daftari.

"Twaiba, beba mkoba wako, ukae mbele."

"Lakini mwalimu, bado hatujamaliza..."

"Mbele!"

Mwalimu akaketi mahali pa Twaiba. Benchi lilikuwa bado na joto. Akazisukuma kokoto pembeni.

"Haya, mwanangu," alisema kwa upole. "Sasa nieleze mimi."

Mvulana akalitazama daftari. Akalowesha kidole kwa mate, akaifuta ile nne.