Chuo cha Bei Yetu

Mzee alimpokonya kijana kile kikaratasi cha matangazo hapo hapo getini mwa chuo cha kwanza, akakirarua, vipande akavitupa mtaroni.

“Studio tatu, viti vya kuzunguka, zulia mpaka mlango wa choo,” alisema. “Na shamba je? Nimeuliza shamba liko wapi, wananionyesha maua ya getini!”

“Lakini ni chuo kizuri, mzee.”

“Kizuri kwa nani? Karo yake ya muhula mmoja inanunua ng'ombe na ndama wake. Na hela hizi si zangu peke yangu, unalijua hilo. Twende!”

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea wanafunzi wapya wa uandishi wa habari za kilimo. Tangu asubuhi mzee alikuwa ameshatamka, stendi nzima ikisikia: kisipopatikana chuo cha bei yao kabla ofisi hazijafungwa, habari ya masomo imekwisha. Kijana atashika jembe, atalima shamba hili na lile mpaka viganja viote sugu, na mdomo wake asiufungue tena mbele za watu.

Chuo cha pili kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Bei yake ilikuwa nyepesi, na kijana alianza kuchangamka. Mwalimu aliyewapokea aliwavutia viti, akawaonyesha picha za mazao zilizobandikwa ukuta mzima.

“Hawa wanafunzi wanatoka lini kwenda kushika udongo?” mzee aliuliza.

“Mzee wangu, huyu atakuwa mwandishi. Hatakuwa mkulima.”

“Na ng'ombe akimwona atamjua, au mpaka aandikiwe jina lake ubavuni?”

Mwalimu alicheka. Mzee hakucheka. Alimshika kijana mkono wa shati, akamwinua kitini kama anang'oa kisiki.

Kwenye ngazi kijana uvumilivu ulimwisha. “Ulitaka rahisi, umepata rahisi, sasa unakataa nini? Unanikomoa tu wewe!”

Msichana mmoja aliyekuwa akipanda alisimama, akamgeukia. “Kaka, hiyo sauti naijua. Tumeonana wapi vile?”

“Hamjaonana,” mzee alijibu kwa niaba yake, akimsukuma kijana mgongoni. “Shuka. Na hiyo sauti yako itie mfukoni.”

Jua lilikuwa limeanza kulala walipofika chuo cha tatu, nje kabisa ya mji, nyuma ya kiwanda cha mbao. Mabati matupu. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Nyuma yake yalianza matuta ya mboga, na wanafunzi walikuwa humo, wamezama kwenye tope.

Mkuu wa chuo alikuwa mama mmoja mwenye buti za mvua. Hakuwapa viti, maana hakikuwapo cha ziada.

“Hapa mtu anapanda, anapulizia dawa, anavuna,” alieleza. “Halafu anatengeneza kipindi kuhusu alichofanya kwa mikono yake. Ijumaa tunawaita wakulima wa jirani, wanakisikiliza, na mwenye kipindi anasimama mbele yao.”

“Wakimkuta na uongo wanamtukana?”

“Wanamtukana mpaka analia.”

Mzee akavuta ndoo iliyokuwa pembeni, akaipindua, akaikalia.

Mama akataja karo. “Punguza,” mzee akasema. “Haipungui,” mama akasema. “Ila akiamka alfajiri kumwagilia, bweni halilipii.”

“Ataamka. Nitamwamsha kwa simu mimi mwenyewe.”

Kijana alisonya chini chini. Mama akampa ukurasa wa kipindi cha zamani asome, kumpima tu. Akasoma. Wale wa kwenye matuta wakaacha majembe, mmoja baada ya mwingine, wakabaki wanasikiliza. Hata maneno ya samadi yalitoka kinywani mwake kama salamu za arusi.

“Ee! Huyu amezaliwa nayo,” mama alisema.

Mzee akaruka kutoka kwenye ndoo. “Usimpe karatasi! Kusoma anajua. Huyu akikusomea taarifa ya msiba, utapiga makofi. Mpe maji na kikombe, mwambie apime kitu, uone!”

Kijana aliukunja ule ukurasa, akaukunjua, akaukunja tena.

“Kupima sijui,” alisema, safari hii bila madoido. “Ndiyo maana nimekuja.”

Mama akamwandika palepale. Mzee akatoa fungu la noti kwenye koti, zimekunjwa kila moja kwa namna yake, nyingine zimeviringishwa kama sigara, nyingine zina harufu ya moshi. Akalibamiza mezani bila kumwangalia mtu.

Mama aliona haya kwa niaba ya kijana. “Baba,” alisema, “tangu mmeingia unamchamba tu. Mtu hamwachi mwanawe ugenini hivyo. Mpe basi neno moja la heri.”

“Wanangu mimi wako shambani wanang'oa miche iliyokufa,” mzee alisema. “Huyu ndiye yule wa redioni aliyetutangazia kipimo cha dawa cha pipa zima kana kwamba ni cha bomba dogo la kupulizia la mgongoni, nyanya za bonde lote zikaungua, na karo hii tumechanga sisi tulioungua, maana mpaka leo hakuna mtu kule kwetu anayemsikiliza mtangazaji mwingine ila yeye.”