Majina Mawili ya Sufuria

Tabia aliandika orodha ya kazi, mkwewe akipanga. Ukoo mzima ulikuwa uende kukaa siku nne shambani kwa bi mkubwa huyo, kijijini Paje. Mchele ulikuwa adimu mwaka ule, lakini muhogo na samaki havikosekani, na watu watajilalia upeponi.

"Sufuria kubwa litabebwa na nani, mama?"

"Wanangu wawili."

Kalamu ya Tabia ilisita. Mumewe na kaka yake walikuwa hawasemezani tangu mwaka wa Mapinduzi, miaka saba sasa.

"Hawatakubali."

"Sufuria lile halinyanyuki kwa mtu mmoja. Mie siwaambii wapatane. Nawaambia watu arubaini wana njaa."

Alikuwa akimenya muhogo, na ganda lilibanduka refu, taratibu. Tabia akamtazama. Masheha na masheikh walikuwa wameshindwa kuwapatanisha kwa nasaha. Mama huyu alikuja na sufuria tu. Akayaandika majina mawili, ubavu kwa ubavu.

Mumewe aliporudi kutoka kazini alimwamkia mamake, akaichukua karatasi. Aliusoma mstari ule mara mbili.

"Tunaondoka lini?" akauliza.