Shahamu Ndani ya Bunduki Mpya

Risasi ya tatu ilikwama tena. Gurmeet, fundi mkuu, akaishusha bunduki, akatoka kwenye banda la majaribio, akaingia karakanani akipuliza vidole. Ilikuwa Februari 1971, na banda lile la kiwanda cha bunduki cha Aston, Uingereza, halikuwa na moto hata kidogo.

"Bunduki ya kujipakia yenyewe, na haijipakii," alisema. Alikuwa Singasinga wa Nairobi, Kiswahili alikijua kabla ya Kiingereza. "Humu ndani risasi zinapanda zote. Huko nje mbili tu, basi. Na wanunuzi wanakuja Ijumaa."

Idarous akafungua kikasha cha risasi. Yeye ndiye aliyekuwa akivipanga vikasha vyote kwa mkono, springi na kibao chake cha kusukumia, mezani kwake kando ya hita. Ndani aliona utando mweupe, mzito, umeganda kwenye springi kama usaha.

Akakisukuma mbali.

"Mafuta ya nguruwe!"

Akaziba pua kwa kola ya shati, akaufuta kwa karatasi huku ametazama pembeni, kisha akaenda kunawa mara tatu. Aliporudi akajipaka mikono mafuta ya nazi, maangavu kama maji, kutoka chupa aliyoletewa na mama yake toka Unguja. Ilikuwa baridi yake ya kwanza ya Ulaya na vidole vilipasuka hadi damu, kwa hiyo chupa haikuondoka juu ya hita, na kila baada ya muda alijipaka.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Otieno, meza ya pili, kila siku saa nne asubuhi alikula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe, kama Waingereza wa pale, akilamba vidole.

"Sheikh, karibu mkate," humtania.

"Kaa mbali na uchafu wako."

Leo Otieno hakutania. "Ndugu yangu, hivyo vikasha mimi hata sivigusi. Nani alikutafutia hii kazi? Nani alikulaza kwake miezi miwili? Mke wangu Truphosa anakuja mwezi ujao, na bila barua yangu ya kazi watu wa uhamiaji hawatamruhusu. Sema tu hujui."

"Nimeona kwa macho yangu."

Gurmeet, ambaye hali nyama ya aina yoyote, alichungulia kikasha kwa mbali, akakunja uso. "Toa! Toa hiyo kitu hapa." Akamgeukia Otieno. "Na wewe, chukua koti."

Otieno akachukua koti, akatoka. Idarous akafuta hata kitasa cha mlango alichokishika mwenzake.

Vikasha vyote vikaoshwa kwa petroli. Idarous akavipanga upya kimoja kimoja, taratibu, kwa vidole vilivyokwisha kulainika.

Ijumaa, bandani, wanunuzi watatu wakasimama na makoti yao. Bunduki ikapiga moja. Ikapiga mbili. Ya tatu ikakwama.

Wanunuzi walipoondoka, Gurmeet akatupa kikasha mezani kwa Idarous. "Otieno hayupo siku ya nne leo. Sasa hii ni ya nani? Nusa!"

Idarous akakifungua. Mweupe, mzito, uleule; ila kando ya hita, uliogusa kidole chake ukaanza kuyeyuka, mwangavu kama maji. Akashika pumzi kama kawaida yake, halafu, kwa mara ya kwanza, akausogeza puani.

Ulinukia nazi.